Kamba Wafyatuzi: Istilahi za Uanuwai na Mtawanyiko wa Viumbe vya Pwani

1. Utangulizi

Katika nchi yetu ziko Bungu mbili zijulikanazo sana: Bungu ya Korogwe, iliyo katika milima ya Usambara, na Bungu ya Kibiti, mkoani Pwani. Mtumishi akiletewa barua ya uhamisho yenye neno "Bungu" peke yake, swali lake la kwanza litakuwa: Bungu ipi? Jina moja kubeba vitu viwili si aibu kwa lugha, kwani hakuna lugha isiyo na majina ya namna hiyo. Kosa ni kuliacha jina hilo bila kiambatisho mahali ambapo msomaji hana wa kumwuliza.

Neno "kamba" lina tabia hiyohiyo. Mwanafunzi wa Bungu ya Usambara huijua kamba ya mkonge tangu utotoni, maana mashamba ya mkonge yametanda bondeni chini ya milima yake. Kamba wa baharini huenda hajamwona kamwe. Akifungua kitabu akakuta kichwa cha habari "Kamba wa Pwani", wakati mwingine konsonanti moja tu ya "wa" ndiyo itakayomwambia kwamba habari ni ya mnyama. Lau mpiga chapa angekosea akaweka "za", somo zima lingegeuka kuwa la mafundi wa nyavu.

Katika makala haya tutajaribu kueleza istilahi zinazohitajika katika kuandika juu ya kundi moja la kamba walioenea katika pwani za joto, pamoja na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hao ni kamba wa familia ya Alpheidae, ambao hufunga gando lao kwa nguvu na kutoa mlio mkali. Tumewachagua kwa sababu mbili. Kwanza, hawana jina moja sanifu lililoenea katika maandishi ya Kiswahili. Pili, habari zao hudai maneno ambayo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali huyakuta kila siku katika taarifa za mazingira: spishi, uanuwai, wingi na mtawanyiko. Maneno hayo yakichanganywa, taarifa husomeka vizuri lakini haisemi kitu.

2. Mnyama mwenyewe

Hatuwezi kukipa jina kitu tusichokijua, kwa hiyo yafaa tuanze na mnyama.

Kamba tunayemzungumzia ni mdogo. Aghalabu urefu wake hauzidi sentimeta tano. Ni wa oda ya Decapoda, yaani wenye miguu kumi, pamoja na kaa, kambakoche na kamba wa kuliwa. Alama yake kubwa ni magando mawili yasiyolingana. Moja ni dogo la kawaida, na la pili ni kubwa kupita kiasi, hata pengine hufikia nusu ya urefu wa mwili wote. Gando kubwa likikatika, lile dogo la upande wa pili hukua na kuwa kubwa, na mahali pa lililopotea huota jipya dogo. Hivyo mnyama wa gando la kulia hugeuka kuwa wa gando la kushoto.

Kidole cha gando kubwa kinachocheza kina jino, na kidole kisichocheza kina tundu la kulipokea jino hilo. Mnyama hufungua gando, hulikaza, kisha huliachia ghafla. Jino liingiapo tunduni husukuma nje mkondo mwembamba wa maji wenye kasi ya zaidi ya meta 25 kwa sekunde. Nyuma ya kasi hiyo kanieneo ya maji hushuka mno, na kiputo cha mvuke hutokea. Kiputo kile hakidumu. Hufumba kwa ghafla, na hapo ndipo mlio husikika.

Zamani watu walidhani mlio huo ni wa vidole viwili kugongana. Mnamo mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi na Ujerumani walipiga picha za kasi kubwa wakaonyesha kwamba mlio hutoka katika kiputo. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa kiputo kikifumba hutoa hata mmweko hafifu wa nuru usioonekana kwa macho, na kwamba ndani yake joto hufika digrii 5,000 za Kelvini au zaidi. Kwa silaha hiyo mnyama huyu hupumbaza mawindo, hulinda makao yake, na huwasiliana na wenziwe.

3. Kutafuta jina

Mfasiri anayekutana na mnyama huyu ana njia kadhaa za kumpa jina. Tutazipima moja moja.

(a) Kufuata lugha za kigeni. Lugha kadhaa za Ulaya humwita kwa jina la bastola. "Kamba bastola" ni jina rahisi, lakini linapotosha, kwa kuwa gando halitoi risasi wala moshi. Tena neno "bastola" haliongozi upatanisho wa sarufi: msomaji bado hajui kama asome "kamba bastola huyu" au "kamba bastola hii".

(b) Kufuata umbo. "Kamba gando" lingefaa, ila magando si yake peke yake. Kaa anayo, na wako kamba wengine wenye magando makubwa. Jina halimtengi na wenziwe.

(c) Kufuata mlio. Kiswahili kina kitenzi "alika" kwa maana ya kutoa sauti kali na kavu, kama vidole vinavyoalishwa au kuni zinazoalika motoni. Kwa masikio ya mpiga mbizi sauti ya miamba yenye kamba hawa hufanana mno na kuni zinazoalika. Lakini kitenzi hiki kina pacha wake, "alika" wa karamu. "Kamba mwalikaji" atadhaniwa ana arusi, na "mwaliko wa kamba" utasomwa kama kadi.

(d) Kufuata tendo. Hapa ndipo tulipopata neno tunalolipendekeza. Kitenzi "fyatua" hutumika kwa kitu kilichokazwa kisha kikaachiwa ghafla. Mwana wa mlimani aliyewahi kutega ndege kwa kijiti kilichopindwa na kitanzi anaijua maana hiyo bila kufundishwa: kijiti hukazwa, huzuiwa, kisha hufyatuka. Gando la mnyama huyu hutenda vivyo hivyo. Kwa hiyo tunapendekeza "kamba mfyatuzi", wingi "kamba wafyatuzi".

Jina hili lina faida nyingine ya kisarufi. Kiambishi m-/wa- cha "mfyatuzi" hutangaza papo hapo kwamba "kamba" ni mnyama, hata katika kichwa cha habari au katika jedwali ambamo hamna kitenzi wala kiwakilishi. Mwanafunzi wa Bungu hatakumbuka mkonge.

Huenda msomaji akauliza: je, kila kamba wa familia hii hufyatua? La. Wako wa jenasi kadhaa, kama vile Athanas, wasio na silaha hiyo. Lakini jina la kawaida halilazimiki kuwa maelezo kamili. Tandu katika lugha kadhaa za Ulaya huitwa kwa neno lenye maana ya miguu mia, na wenye lugha hizo hawaihesabu. Inatosha jina lielekeze kwenye alama iliyo mashuhuri, mradi maelezo yaliyobaki yawekwe katika fasili.

4. Mlio, mlipuko na mfyatuko

Tofauti ya maneno haya matatu si ya urembo. Katika pwani ya Tanzania uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miaka mingi na kuharibu matumbawe mengi. Mwaka 2015 watafiti walisafiri pwani ya Tanzania wakiwa na vipaza sauti vya chini ya maji ili kusikiliza na kuhesabu milio ya baruti. Vyombo vya namna hiyo vikitumbukizwa baharini hunasa pia sauti ya kamba wafyatuzi, maana ndio miongoni mwa wapigao kelele nyingi kuliko viumbe wote wa maji ya joto yenye kina kifupi.

Sasa tuchukue taarifa iliyofasiriwa ovyo, ambamo sauti ya kamba imeitwa "mlipuko" na sauti ya baruti pia imeitwa "mlipuko". Afisa wa uvuvi akisoma kwamba mwamba fulani una "milipuko maelfu kwa saa" atapeleka boti ya doria, kumbe ameelezwa habari ya mwamba wenye viumbe hai tele. Kinyume chake, mahali palipopigwa baruti kweli pangeweza kupita bila kutazamwa. Kwa sababu hiyo tunashauri maneno yagawanywe hivi: "mlipuko" ubaki kuwa wa baruti na vitu vya jinsi yake, "mfyatuko" uwe tendo la gando, na "mlio" uwe sauti isikikayo.

Liko pia suala la kiputo. Wengi huandika kwamba kiputo "hupasuka". Povu la sabuni hupasuka, yaani ngozi yake huchanika na hewa hutoka. Kiputo cha kamba mfyatuzi hufanya kinyume: maji yaliyokizunguka hukiminya pande zote kikaingia ndani yake chenyewe, kama kiganja kinachofumbwa kuwa ngumi. Kitenzi chake ni "fumba", na tukio lenyewe tunaliita "mfumbo wa kiputo". Mwalimu wa fizikia akitumia "pasuka" hataweza kueleza joto linatoka wapi. Akitumia "fumba", mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba kitu kimeminywa.

5. Aina, spishi na uanuwai

Neno "aina" ni mtumishi mwema aliyetwishwa mizigo mingi. Twasema aina ya nguo, aina ya udongo, aina ya homa, aina ya watu. Katika mazungumzo halina dhara. Katika taarifa ya sayansi halina budi kuachia nafasi ngazi za uainishaji, nazo ni oda, familia, jenasi na spishi. Kamba wafyatuzi ni familia moja, yenye jenasi nyingi, ambazo kubwa zaidi ni Alpheus na Synalpheus, na yenye spishi zaidi ya 600 zilizokwisha kuelezwa duniani. Mwandishi akisema "aina 600 za kamba" na katika ukurasa wa pili akasema "aina mbili za kamba, wa mikokoni na wa matumbaweni", msomaji hawezi kujua ni hesabu gani inayozungumzwa.

"Uanuwai" nao si sawa na idadi ya spishi tu. Tutumie mfano wa shamba la mlimani. Tuseme mashamba mawili yana mimea mia kila moja. La kwanza lina mihindi 98, mharage mmoja na mgomba mmoja. La pili lina mihindi 40, maharage 30 na migomba 30. Mashamba yote mawili yana mazao ya namna tatu. Hata hivyo kila mkulima ataona kwamba la pili lina mchanganyiko zaidi. Uanuwai hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani spishi ni ngapi na zimelinganaje kwa idadi. "Wingi", kwa upande wake, ni hesabu ya viumbe wenyewe bila kujali spishi zao. Mwamba waweza kuwa na wingi mkubwa wa kamba na uanuwai mdogo. Anayefasiri maneno haya mawili kwa "wingi" mmoja huondoa hoja nzima ya mwandishi.

6. Mtawanyiko

Kwa habari ya mahali viumbe walipo, hutumika maneno matatu yanayoshindana: "usambazaji", "mgawanyo" na "mtawanyiko". "Usambazaji" hudai msambazaji. Mbolea husambazwa, vitabu husambazwa. "Mgawanyo" hudai kitu kilichokatwa mafungu, kama mgawanyo wa madaraka. Kamba hawakusambazwa na mtu wala kugawanywa mafungu. Wameenea kwa kufuata chumvi, joto, kina na makao. Neno lifaalo ni "mtawanyiko".

Mtawanyiko huonekana kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni cha dunia. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1947, baada ya wanamaji kusumbuliwa na kelele za baharini wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulionyesha kwamba sauti ya kamba hawa hupatikana hasa katika bahari za joto, penye kina kisichozidi takriban meta 55 na sakafu yenye mawe, matumbawe au makao mengine ya kujificha. Wachache sana wa familia hii huishi katika maji yasiyo na chumvi, kwa mfano katika mito ya Afrika Magharibi.

Kipimo cha pili ni cha pwani moja. Pwani ya Tanzania Bara ni ndefu, na ndani yake makao hubadilika kila hatua. Kamba wafyatuzi wako wanaoishi katika mashimo ya matope penye mikoko. Wako wanaochimba mchangani na kwenye nyasi bahari. Baadhi yao huishi shimo moja na samaki mdogo wa familia ya Gobiidae. Kamba, ambaye macho yake ni hafifu, huchimba na kusafisha, na samaki hukaa mlangoni kama bawabu huku kamba akimgusa kwa kipapasio chake ili apate habari ya hatari. Wako wanaokaa chini ya mawe ya upwa ambayo maji yakipwa hubaki wazi. Wako wanaoishi ndani ya sifongo. Tena wako wanaokaa wawili wawili, dume na jike, baina ya matawi ya matumbawe hai, kama Alpheus lottini, ambaye hulinda matumbawe yake dhidi ya kiti cha pweza mwenye miiba aitwaye Acanthaster.

Mwalimu wa Usambara anaweza kueleza mtawanyiko bila kungoja safari ya baharini. Katika misitu ya Usambara Mashariki yuko kaa anayeishi katika mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Alipewa jina la kisayansi Potamonautes raybouldi mwaka 2004, na anajulikana katika milima hiyo na katika vilima vya Shimba nchini Kenya. Huo ni mtawanyiko mwembamba. Alpheus lottini, kwa upande mwingine, anatajwa tangu pwani yetu hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Huo ni mtawanyiko mpana. Mwanafunzi akimshika gando kaa wa kijito cha kwao, kisha akasimuliwa kamba mwenye gando moja kubwa, hatakuwa amefundishwa kitu kigeni. Na hata kijiografia bahari si ngeni kwake: vijito vya milima hiyo huteremka katika bonde la Lwengera, huungana na mto Pangani, na mto huo huishia baharini penye mikoko, ambayo ni mojawapo ya makao tuliyoyataja.

7. Jina la kisayansi lisifasiriwe

Baadhi ya wafasiri hupenda kuunda jina la Kiswahili kwa kila spishi. Hatushauri jambo hilo, kwa sababu mipaka ya spishi yenyewe husogea. Utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba ndani ya kamba waliokuwa wakiitwa Alpheus lottini wamo zaidi ya spishi moja. Vilevile, utafiti uliotolewa mwaka 1993 katika pande mbili za shingo ya nchi ya Panama ulionyesha kwamba kamba wanaofanana sana kwa umbo, waliotengwa na nchi kavu kwa mamilioni ya miaka, aghalabu hawazaani tena wakikutanishwa. Badala yake hufyatuliana. Jina la Kiswahili likifungwa kwenye spishi iliyogawanyika baadaye, nani atalirudisha?

Hata wanasayansi wenyewe walipata taabu ya majina. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 baadhi yao waliwaita kamba wafyatuzi kwa jina la jenasi Crangon, na wengine wakawaita Alpheus, huku Crangon likitumika pia kwa kamba wengine kabisa wa mchangani katika bahari za baridi. Mwaka 1955 Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama iliamua kwamba Alpheus libaki kwa wafyatuzi na Crangon kwa wale wengine. Kwa hiyo mfasiri akikuta Crangon katika maandishi ya miaka ya 1940, kama vile ule utafiti wa mwaka 1947 tulioutaja, hana budi kutazama mwaka na maelezo kabla ya kuchagua neno. Uamuzi ule ni ushahidi kwamba usanifishaji si ubishi wa watu wa lugha pekee. Kila elimu inayotaka kueleweka huuhitaji.

Kanuni tunayoipendekeza ni fupi. Jina la Kiswahili liwe la familia. Jenasi na spishi zitajwe kwa majina yao ya kisayansi bila kubadilishwa.

8. Orodha ya istilahi

Kamba mfyatuzi (wa-): kamba wa baharini wa familia ya Alpheidae, ambaye aghalabu ana gando moja kubwa la kufyatua.
Gando (ma-): mguu wa mbele wa kaa au kamba wenye vidole viwili vya kubania.
Mfyatuko (mi-): tendo la gando lililokazwa kufunga ghafla.
Mfumbo wa kiputo: kuminywa ghafla kwa kiputo na maji yanayokizunguka.
Spishi: kundi la viumbe wa namna moja wanaozaana wao kwa wao.
Uanuwai: hali ya kuwapo spishi mbalimbali mahali pamoja, kwa kuzingatia idadi ya spishi na ulinganifu wake.
Wingi: hesabu ya viumbe katika eneo.
Mtawanyiko: jinsi viumbe walivyoenea mahali mbalimbali.
Makao: mahali penye hali zinazomwezesha kiumbe kuishi.

9. Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo, nazo zitapata nguvu zikitumiwa na kusahihishwa. Yamkini wavuvi na wachokozi wa pweza wa Tanga, Pangani, Mafia, Kilwa, Pemba au Vanga wana jina lao la zamani kwa mnyama huyu, na Kimtang'ata au Kitumbatu chaweza kuwa na neno bora kuliko "mfyatuzi". Jina la wenyeji likipatikana, likiwa wazi na lisilogongana na jingine, litastahili kutangulia. Tunawaomba walimu wa shule za pwani wawaulize wazee upwani wakati wa bamvua, na walimu wa milimani watueleze maneno haya yamepokewaje na wanafunzi wasioijua bahari. Watumishi wanaoandika taarifa za hifadhi na uvuvi nao watuandikie kila wanapokwama baina ya "aina" na "spishi", au baina ya "wingi" na "uanuwai". Barua zenye neno, mahali lisemwapo na mfano wa matumizi yake ndizo zitakazotufaa zaidi.